Lita Tano za Maji ya Mto

Kijiwe chetu kiko konani, pale kichochoro cha Mji wa Kale kinapotokea upande wa Makadara. Ni benchi moja la mbao, mguu wake mmoja umewekewa tofali, limeegemea ukuta wa nyumba ya Bi. Maisara. Hatua tano kutoka hapo ni duka langu la ubani na udi, ndiyo maana wote waniita Bwana Udi, na jina langu la kuzaliwa sasa analijua mke wangu tu. Kila alasiri Chonga huja na dele lake la kahawa, jiko la makaa, vijikombe kumi na bakuli la kusuuzia, na sisi huketi tukaipanga dunia upya. Masha hukaa kuliani. Auza kanga Biashara Street, nasi twamwita Mhandisi kwa sababu siku moja alitengeneza feni ya dukani kwao ikazunguka, japo kinyume. Joab hukaa kushotoni. Ni mtu wa bara aliyestaafu bandarini, naye ni Daktari, kwa kuwa miaka ishirini na miwili alipanga makasha ya dawa ghalani na hata moja hakulifungua. Mimi hukaa kati ili niwatulize, na sijafaulu hata siku moja. Kijiwe hiki hakikuwa kimewahi kushindwa na swali. Juma lililopita kilishindwa, nami nasimulia shingo upande.

Gunga alikuja Alhamisi, dumu la lita tano mkononi, akaliweka kwenye benchi taratibu mno, kana kwamba ndani mna mayai.

Gunga: Masalkheri, wazee.

Sote: Masalkheri, Dereva. Karibu.

Masha: Umetuletea mafuta ya taa?

Gunga: Maji.

Joab: Mungu akubariki! Mifereji ya majumbani imekauka siku ya tatu, halafu wewe unatembea na dumu zima.

Gunga: Si ya mfereji, Daktari. Ni ya mto. Nimeyateka jana, huko kwetu Kwale.

Tuliinama sote kuyatazama. Matope yalikuwa yametua chini, kidole kizima, na juu yake maji yalikuwa meupe kabisa, ila vijani viwili vidogo vya mti vilikuwa vinaelea. Mimi nikasema ni maji mazuri. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na siku ilikuwa bado ndefu.

Gunga ni dereva wa Bi. Winnie, mama mmoja wa Kizingo mwenye moyo mkubwa na gari kubwa. Bi. Winnie alikuwa amepanga kuwapeleka watoto kumi na mmoja wakalale msituni siku mbili, kwenye mahema kando ya mto. Mmoja wa watoto hao alikuwa Mapenzi, binti wa Gunga mwenyewe, miaka tisa, aliyealikwa kwa kuwa husoma darasa moja na mtoto wa Bi. Winnie. Safari ilikuwa kesho yake asubuhi.

Gunga: Bi. Winnie aliniuliza, Gunga, maji ya kunywa huko tutafanyaje? Nikamwambia, mama, mimi ndimi mtu wa huko. Maji niachie mimi.

Masha: Umejibu kiume.

Gunga: Nimejibu kiume, na sijui.

Masha: Hujui nini?

Gunga: Sijui kuyafanya yawe maji ya kunywa. Tangu utotoni nayanywa vivi hivi. Lakini hawa ni watoto wa Kizingo, matumbo yao yamezoea chupa.

Mimi: Si mchukue hizo chupa?

Gunga: Gari laachwa barabarani, Bwana Udi. Kutoka hapo ni mguu, saa nzima na nusu, na kila mtu na hema lake mgongoni. Nani atabeba maji ya watu kumi na watano?

Chonga, ambaye si mtu wa maneno mengi, alikuwa anapuliza makaa. Akasema bila kuinua kichwa:

Chonga: Chemsheni.

Basi. Yangekwisha hapo. Tungekunywa kahawa na kurudi kwenye habari za mpira. Lakini Gunga alitikisa kichwa, akaketi, akaweka mikono yake miwili juu ya kifuniko cha dumu.

Gunga: Kuchemsha sikuamini tena, Chonga. Mwaka juzi, mwawajua wale wagonjwa wa tumbo waliojaa kote kote? Mama Mapenzi alikuwa zamu ya usiku. Nikachemsha maji kwa mkono wangu. Yalitokota mpaka kifuniko kikaruka. Nikayafunika, yakapoa, nikampa mtoto. Siku ya pili yuko kitandani hospitali, amelegea, sindano ya maji mkononi. Siku tatu nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Daktari akaniuliza, alikunywa maji gani? Nikasema ya kuchemsha. Akanitazama hivi.

Alituonyesha vile daktari alivyomtazama. Ni vibaya kutazamwa vile.

Gunga: Mpaka leo mama yake yuwasema sikuchemsha. Nami nilichemsha, haki ya Mungu. Sasa kesho yuwaenda kunywa ya mto, mbele yangu, na mimi ndiye bwana maji. Nambieni, wazee. Nifanyeje?

Nilimwonea huruma sana, na huruma ikiingia kijiweni kwetu, kila mtu ghafla huwa mtaalamu.

Chonga alitaka kutumiminia. Maji ya bakuli lake la kusuuzia yalikuwa yamekuwa meusi kwa masazo ya kahawa, akayamwaga mtaroni. Mifereji mikavu, angepata wapi mengine? Akamnyoshea Gunga bakuli, na Gunga akamtilia ya juu juu kutoka kwenye dumu, yale meupe. Chonga akasuuza vikombe, akavikung'uta mara mbili mbili kama desturi yake, akamimina kahawa. Tukanywa. Ilikuwa nzuri, yenye tangawizi.

Joab: Sasa nisikilizeni. Kama kuchemsha kulishindwa, maana yake ni kwamba wale wadudu wa mtoto walikuwa wa aina ya moto.

Mimi: Kuna aina ya moto?

Joab: Kuna wa moto na wa baridi. Nimeona makasha, Bwana Udi. Kwenye kasha imeandikwa, weka mahali pa baridi. Lingine, weka mahali pakavu. Kwa nini waandike tofauti kama wadudu ni wamoja?

Masha: Hayo ni maelezo ya dawa, si ya wadudu.

Joab: Dawa inamfuata mdudu.

Gunga akatoa kikaratasi mfukoni na kalamu, akaandika: moto, baridi. Nilitamani kumwambia asiandike.

Masha: Mwanzo ni kuchuja. Mdudu hana mabawa, akikutana na kitambaa atapita wapi? Ngojeni.

Alikimbia Biashara Street, akarudi na kipande cha kanga mpya, bado ina dondo, ule wanga wa kiwandani, imesimama yenyewe. Akabisha kwa Bi. Maisara kuomba sufuria. Bi. Maisara huloweka mbaazi kila magharibi ili apike asubuhi auze na mahamri, na sufuria ile ndiyo yake ya kazi. Akampa, akasema irudi kabla ya magharibi, akafunga mlango. Hakuuliza ya nini. Nadhani ametuzoea.

Joab: Kabla hujachuja, yatikise.

Masha: Ya nini?

Joab: Ili wadudu wazimie. Mtu akitikiswa si anapata kizunguzungu?

Na kabla hajazuiliwa alilitwaa dumu akalitikisa kwa nguvu zake zote za kupakia mizigo. Matope yote yaliyokuwa yametua usiku kucha yakapanda. Dumu likawa na rangi ya chai ya maziwa.

Gunga: Daktari!

Joab: Sasa wamezimia.

Masha: Sasa hata maji yenyewe yamezimia. Haya, shika huku. Twachujia kwenye mji wa kanga, hapa katikati, si kwenye pindo. Pindo lina rangi nyingi.

Mimi: Kukunja mara ngapi?

Masha: Mara nne.

Joab: Mara nane. Mdudu wa mto ni mwembamba.

Masha: Ukikunja mara nane hayapiti, yatakaa juu yakutazame.

Walikunja mara sita, kwa maelewano, wakamimina. Maji yalipita polepole, na yalipofika chini tukaona matope kweli yamepungua, yamebaki kwenye kitambaa. Lakini maji sasa yalikuwa na rangi ya waridi.

Gunga: Kwani hii ni nini?

Masha: Hiyo ni rangi tu.

Gunga: Rangi ya nini?

Masha: Ya maua ya kanga. Yale mekundu. Haidhuru. Watoto wapenda.

Gunga aliandika: mji, si pindo, mara sita. Kisha akafuta, akaandika: kanga kuukuu. Nilifurahi kuona bado ana akili yake.

Mimi: Labda kuna njia ya kujua kama yashakuwa mazuri.

Joab: Ipo. Tia samaki. Samaki akiishi, kunywa.

Masha: Daktari, samaki huishi baharini. Mbona wewe huchoti pale Forodhani ukanywa?

Joab: Huyo ni samaki wa bahari. Mimi nimesema wa mto.

Masha: Na huko mtoni alikotoka samaki, maji si ndiyo haya haya?

Joab akaomba kikombe cha pili. Chonga akakisuuza, akakung'uta mara mbili, akammiminia.

Masha: Au jua. Kuna mteja aliniambia, watia kwenye chupa nyeupe, walaza juu ya mabati kutwa, jua lawaua.

Gunga: Nimewahi kusikia hiyo. Lakini msituni jua litafika vipi? Miti imefunika.

Masha: Mkate miti.

Gunga: Ule ni msitu wa serikali, Mhandisi!

Joab: Na je, kama jua linaua, mbona mto wenyewe unakaa juani miaka yote na bado una wadudu?

Kwa mara ya kwanza siku ile Joab alisema kitu, na kwa bahati mbaya hatukujua ni kitu gani. Masha alisema mto hauna kifuniko. Joab alisema kifuniko kingezuia jua. Wakarudia hivyo mara tatu. Gunga aliandika: jua, kisha alama ya kuuliza, kisha akaipigia mstari.

Joab: Basi dawa ya matone. Hiyo ndiyo yenyewe. Makasha nimeyabeba mimi.

Gunga: Matone mangapi?

Joab: Iliandikwa.

Gunga: Mangapi?

Joab: Ilikuwa tarakimu moja... au mbili. Ilianza na mbili. Au iliishia.

Mimi: Na kipimo cha maji je? Kwa kikombe au kwa pipa?

Joab: Kwa kasha.

Chonga: Kipimo usichokijua usimtilie mtoto.

Hayo yalikuwa maneno ya pili ya Chonga siku ile, na yote mawili yalikuwa na maana, jambo lililotuudhi kidogo. Gunga aliandika: kuuliza duka la dawa. Akakazia.

Hapo wote wakanigeukia. Nilijua nitageukiwa. Mtu akikaa kimya sana kijiweni hudhaniwa ameficha jibu, na mimi, nakiri, nilikuwa nimelificha moja na nalionea fahari.

Mimi: Ubani.

Masha: Nilijua tu.

Mimi: Sikilizeni kwanza! Bibi yangu alikuwa na guduria, mtungi mdogo wa udongo, wa maji ya kunywa tu. Kila jioni hulifudikiza juu ya chetezo, moshi wa ubani ukajaa ndani, ndipo akatia maji. Nyumba nzima twanywa hayo. Maji yananukia, mtu amaliza kiu kwa funda moja. Na hatukuugua.

Joab: Hamkuugua kabisa?

Mimi: Kabisa. Isipokuwa wale waliougua.

Masha: Wangapi?

Mimi: Si wengi. Wawili, watatu. Na mjomba.

Niseme kweli, kwa kuwa nimekwishaaibika. Bibi yangu hakupata kusema hata siku moja kwamba moshi ule waondoa maradhi. Alifukiza maji kwa ajili ya harufu, kwa ajili ya mgeni, kwa ajili ya raha. Najua hilo vizuri, nauza ubani miaka thelathini. Lakini Gunga alikuwa ananitazama na kikaratasi chake mkononi, na mimi nilitaka niwe na cha kumpa. Nikaingia dukani nikatoka na chetezo, guduria na bonge la ubani mweupe, ule mzuri.

Gunga: Sasa nianze na lipi? Kanga, jiko, au ubani?

Masha: Kanga tayari. Sasa ubani.

Joab: Jiko, halafu ubani.

Masha: Ukichemsha baada ya ubani, harufu yote yaenda juu.

Mimi: Ubani haufukizwi kwenye maji, wafukizwa kwenye guduria! Chemsheni, mimi nafukiza, kisha twamimina.

Gunga: Kwa hivyo tutachemsha?

Hapo tukatambua kwamba tumezunguka na tumerudi kwa Chonga. Chonga aliliweka dele kando, akapandisha sufuria ya Bi. Maisara juu ya makaa. Na kumbe hata hapo hatukuwa tumemaliza.

Gunga: Yatokote muda gani?

Masha: Mara yakitoa mapovu, teremsha.

Joab: Mapovu madogo au makubwa? Madogo ni hewa tu. Nusu saa.

Masha: Nusu saa utakuwa wapika nini, kwato? Maji yote yatakwisha.

Joab: Na Kwale ni mlimani. Huko juu maji huchemka upesi, kabla hayajawa moto sawasawa. Jamaa yangu wa Mlima Elgon alinieleza.

Masha: Kwale ni mlima?

Joab: Si watu wanasema wanapanda kwenda Kwale?

Mimi: Na mahakamani je, si watu hupandishwa? Mahakama ni mlima?

Masha: Gunga, wewe wa huko. Ni mlima?

Gunga: Ni... kilima. Mguu wausikia.

Joab: Basi kwa kilima, ongeza robo.

Masha: Robo ya nini?

Joab: Ya ule muda.

Masha: Muda upi?

Maji yalianza kutokota wakati bado hawajakubaliana. Chonga aliyaacha yakaruka, mapovu makubwa, muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa kwa starehe, kisha akateremsha na kufunika. Aliulizwa amepima kwa nini, akasema hivyo ndivyo afanyavyo kila siku. Gunga akaandika: kikombe kimoja cha starehe.

Yalipopoa kiasi, nililiinua guduria kutoka kwenye chetezo, moshi mwingi ukitoka, nikayamimina kwa mkono wangu. Watu wawili wapita njia walisimama kunusa. Kona yote ilikuwa inanukia harusi. Gunga alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, na sisi tukajiona watu.

Masha: Nani aonje?

Gunga: Mimi. Ndimi bwana maji.

Chonga akachukua kikombe, akakichovya bakulini, akakikung'uta mara mbili, akamimina maji yetu ndani yake. Waridi hafifu, safi, hakuna hata chembe. Gunga alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekifikisha mdomoni pale mlango wa Bi. Maisara ulipofunguka.

Bi. Maisara: Masalkheri, akina baba. Sufuria yangu. Mbaazi zanigoja.

Mimi: Bi. Maisara, karibu. Usiondoke, uone. Huyu Gunga yuwapeleka watoto msituni kesho, nasi tumemfundisha kusafisha maji ya mto.

Masha: Tumeyachuja kwa kanga.

Joab: Yamechemshwa. Kwa kiwango cha kilima.

Mimi: Na kufukizwa.

Bi. Maisara alitazama sufuria, akatazama guduria, akatazama kikombe mkononi mwa Gunga. Alikuwa na ungo wa mbaazi kiunoni na haraka yake. Aliuliza tu, vile mtu aulizavyo kama mvua imeacha:

— Na hicho kikombe mmekisuuza kwa maji gani?



Chonga aligeuza kichwa polepole akalitazama bakuli lake. Sote tukalitazama. Maji yake yalikuwa yameshaingia weusi wa kahawa, na pembeni, kwenye ukingo, palikuwa na kijani kimoja kidogo kimejibandika. Mimi nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu. Joab vinne, maana yeye hukubali kila akikaribishwa.

Joab: Lakini kahawa ilikuwa moto.

Masha: Moto kiasi gani?

Joab: Moto! Iliniunguza ulimi.

Masha: Moto wa kuunguza ulimi na moto wa kuua ni mmoja?

Joab: Sasa mimi nitajuaje?

Masha: Si wewe ndiwe Daktari?

Joab: Nilipanga makasha, Masha! Nilikuwa napanga makasha tu!

Aliweka mkono tumboni kusikiliza. Masha naye akaweka wake. Mimi sikuweka, kwa haya, lakini nilikuwa nalisikiliza langu hivyo hivyo.

Gunga hakuwa nasi. Alikuwa amekishusha kile kikombe mpaka magotini, anakitazama ndani.

Gunga: Nilikisuuza.

Mimi: Nini, Gunga?

Gunga: Kikombe cha Mapenzi. Kile cha bati, chenye ua ubavuni. Maji niliyachemsha, nikayafunika mpaka yakapoa. Kikombe kilikuwa kimelala kabatini, nikaona kina vumbi. Nikachota ya kisimani kidogo, nikakisuuza.

Akakizungusha kikombe mkononi.

Gunga: Nilitaka anywe kwenye kikombe safi.

Miaka miwili amebishana na mkewe, miaka miwili amekuwa mkweli, na ile kweli yenyewe ilikuwa imekaa kabatini ikimsubiri. Masha alimshika bega. Joab aliondoa mkono tumboni.

Gunga alimwaga maji yetu mtaroni, taratibu, pamoja na kanga na ubani wetu wote. Akatoa simu.

Gunga: Bi. Winnie, masalkheri. Ni Gunga. La, gari liko sawa. Ni yale maji. Nilikwambia niachie mimi... Mama, usiniachie peke yangu. Sijui.

Alisikiliza kwa muda mrefu.

Gunga: Ndiyo. Ndiyo, mama. Yeyote anayejua? Hapa nilipo?

Akatutazama. Alianza na Joab, akaja kwangu, akaenda kwa Masha. Sijapata kuona benchi ambalo watu wote watatu wana kazi ya kutazama viatu vyao. Kisha akainua macho, akamwona Bi. Maisara ameshabeba sufuria yake na kutugeuzia mgongo.

Gunga: Yuko mmoja, mama. Nitakupigia.

Alimkimbilia, akamkuta mlangoni.

Gunga: Bi. Maisara, niwie radhi. Niambie yote. Tangu mwanzo.

Bi. Maisara: Watoto wangapi?

Gunga: Kumi na mmoja.

Bi. Maisara: Wa kwako yumo?

Gunga: Yumo.

Bi. Maisara: Watapiga mswaki kwa maji gani? Mikono wataosha wapi kabla ya kula? Nani atakayechota ya kunywa, na kata yake ya kuchotea italala wapi?

Gunga akaufungua mkono. Kile kikaratasi kilikuwa kimelowa. Alikitazama mara moja, akakifinya.

Gunga: Sijui, Bi. Maisara.

Bi. Maisara: Vyema. Ingia. Kuna sabuni hapo nyuma ya mlango, anza na mikono.

Mlango ukafungwa. Tulibaki watatu benchini na guduria linalonukia na dumu lenye matope. Joab aliuliza kama kuna anayejisikia vibaya. Masha alisema bado. Mimi nikasema pengine tungepata kikombe kimoja cha moto sana, cha kutokota hasa, kiwafuate wale wadudu walioshatangulia. Lilikuwa wazo zuri, na wote wakaafiki.

Chonga alikuwa amemwaga bakuli lake, amelifudikiza chini. Alivikusanya vikombe vyote kumi, akavifunga kwenye kitambaa.

Chonga: Kahawa imekwisha.

Akaliinua dele kwa mikono miwili. Nilisikia kahawa ikitikisika ndani, lilikuwa bado nusu. Hakuna aliyemwambia.